CD tatu za Bert Williams: anza na ya kati

Anayetaka kumsikia vizuri Bert Williams, mwimbaji na mchekeshaji wa Marekani wa mwanzo wa karne ya 20, seti ya kampuni ya Archeophone ndiyo ya kununua. Ni CD tatu zinazouzwa mojamoja: 1901–1909, 1910–1918, na 1919–1922, mwaka aliofariki.

Usianze na ya kwanza. Ina thamani kubwa, kwani ndimo zilimo santuri za kampuni ya Victor za 1901, akiwa na mwenzake George Walker, miaka miwili kabla ya mchezo wa muziki "In Dahomey" kuwafikisha Broadway na London. Lakini nakala zilizosalia ni chache na zimechakaa. Mikwaruzo inameza maneno, na msikilizaji mgeni huchoka mapema.

Ya kati ni ya enzi za Ziegfeld Follies, maonyesho maarufu ya jukwaani New York, alikoingia 1910. Sikiliza "Nobody" aliyoirekodi upya 1913, kisha tafuta ile ya 1906 uzilinganishe. Beti haziimbi, anazisema, akiuacha mdundo umtangulie kidogo. Tromboni inaburuza mlio kama mtu anayeguna. Likija neno la kiitikio analivuta, analivuta, na kicheko chote kimo humo. Waimbaji wengi waliojaribu wimbo huo baadaye waliwahi mno.

CD ya mwisho ina mahubiri mawili ya kuchekesha ya Mzee Eatmore, mhubiri wa kubuni, ya 1919. Ni maneno matupu bila wimbo. Kama Kiingereza cha lafudhi nzito kinakusumbua, yaweke mwisho.

Rekodi zake zote ziko huru kisheria Marekani tangu 1 Januari 2022, na nyingi zinapatikana bure mtandaoni. Tatizo la nakala za bure ni kasi. Santuri zake nyingi za kampuni ya Columbia zilirekodiwa kwa mizunguko karibu 80 kwa dakika. Ukizicheza kwa kasi ya kawaida ya 78, sauti inashuka karibu nusu ya nusutoni na utani unapoa. Kwa mchekeshaji anayetegemea kuchelewa kwa makusudi, hiyo ni hasara kubwa.

Aliimbia ndani ya pembe ya kurekodia, kwani maikrofoni zilianza kutumika kurekodi santuri 1925. Pembe ilinasa takriban Hz 250 hadi 2,500 tu, kwa hiyo punguza besi na trebo kwenye redio yako. Programu ya kuondoa kelele itumie kidogo sana: ikizidi inakula "s" na "f", nawe utakosa kichekesho.

Angalizo kwa wenye watoto: baadhi ya nyimbo zina maneno ya kudhalilisha watu weusi, kama soko la wakati ule lilivyotaka. Jukwaani naye alijipaka masizi ya kizibo kilichochomwa, ingawa alikuwa mweusi, mzaliwa wa Nassau, Bahamas.

Uigizaji wake wa mikono na uso hauwezi kukaa kwenye CD. Kwa huo tazama "A Natural Born Gambler" ya 1916, filamu isiyo na sauti: mwishoni, akiwa peke yake bila karata hata moja, anacheza poka kwa mikono na macho tu, na unajua kila karata aliyopewa.