Korosho za Masasi: lori hadi Dar, au meli kutoka Mtwara?

Zikishatoka ghalani, korosho ghafi zina njia mbili za kwenda India au Vietnam. Kuna lori hadi bandari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 za lami. Kuna pia safari ya kilomita 200 hivi hadi bandari ya Mtwara.

Dar meli ni nyingi, na hilo silipuuzi. Lakini dizeli, matairi, posho ya dereva na utingo wake, vyote mnunuzi huvipigia hesabu kabla ya kutaja bei mnadani. Anayeumia ni mkulima. Barabara nayo huumia: shehena nzito hupasua lami, na Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara eneo la Somanga, magari yalikwama.

Meli huchoma mafuta machache mno kwa kila tani ikilinganishwa na lori, kwa hiyo moshi ni kidogo. Udhaifu wa Mtwara ni kusubiri meli na makontena matupu. Hata hivyo nachagua Mtwara, mradi makontena yafike kabla ya mnada wa kwanza.