Tahadhari kwa wanunuzi wa maboksi ya Android ya runinga yanayotangazwa kuwa na “8K” na “chaneli bure maisha”

Ndugu zangu, naandika kuwatahadharisha wote mnaotafuta kifaa cha kuchomeka kwenye runinga ili mtazame YouTube, Netflix, filamu au mechi kupitia intaneti. Kuna wauzaji wanaotangaza Instagram, Facebook na kwenye makundi ya WhatsApp maboksi madogo meusi ya Android yasiyo na jina la kampuni inayojulikana, yaliyoandikwa kwa herufi kubwa kuwa yana picha ya 8K, memori kuzidi simu nyingi za bei ya juu, na chaneli za dunia nzima bila malipo ya mwezi. Nimeyaona pia mezani Kariakoo. Ombi langu ni kwamba usitoe fedha kwa ajili ya boksi la namna hiyo kabla hujaliwasha na kulikagua kwa macho yako, na muuzaji akikataa kuliwasha, ondoka.

Aliyenisukuma kuandika ni mzee wetu wa jirani, mwalimu mstaafu, ambaye alichoka kulipia king'amuzi kila mwezi ili aone ligi ya Uingereza mara moja kwa wiki. Muuzaji mmoja wa mtandaoni alimwambia kuwa akinunua boksi lake hatalipa tena shilingi yoyote. Mzigo ukaletwa na bodaboda, kwa sharti kwamba fedha zitumwe kwanza kwa simu ndipo kifurushi kifunguliwe. Risiti haikuwapo. Muuzaji aliomba pia anwani ya barua pepe ya Mwalimu pamoja na nywila yake, akidai kuwa atamwekea kila kitu kabla ya kumtumia, na Mwalimu, kwa uungwana wake, akampa. Chaneli za mpira zilionekana kwa muda mfupi, zikaanza kukwama katikati ya mechi, kisha zikafa kabisa. Alipouliza aliambiwa alipie tena ili zifunguliwe, na alipokataa, namba yake ikazuiwa. Mwanawe ndiye aliyeniletea boksi hilo nilikague.

Ganda liliandikwa RAM (memori ya kufanyia kazi) ya GB 16, hifadhi ya GB 256 na Android 13. Ukurasa wa mipangilio nao ulionyesha hivyo hivyo, na hapo ndipo wanunuzi wengi hunaswa, kwa kuwa hudhani mashine yenyewe haiwezi kusema uongo, ilhali aliyepakia mfumo ndani yake anaweza kuandika namba yoyote apendayo kwenye ukurasa huo. Programu ya bure iitwayo CPU-Z, inayosoma vipuri halisi vilivyomo ndani ya kifaa, ilionyesha jina sun50iw9, ambalo ni la prosesa (ubongo wa kifaa) za Allwinner H616 na jamii yake. Prosesa ya H616 kwa muundo wake haipokei RAM zaidi ya GB 4, kwa hiyo zile GB 16 haziwezekani hata kidogo. Programu hiyo hiyo ilionyesha kiwango cha API, yaani namba inayotambulisha toleo la Android, kuwa 29, na kiwango hicho ni cha Android 10. Android 13 ina kiwango cha 33. Kuhusu 8K, njia ya HDMI 2.0 ya prosesa hiyo mwisho wake ni picha ya 4K ya fremu 60 kwa sekunde. Hata kama ingeweza zaidi, runinga ya Mwalimu ni ya HD ya kawaida, na isingeonyesha tofauti yoyote.

Netflix ilifunguka, lakini ilikuwa ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya simu, inayomlazimu mtu kusukuma mshale kwa rimoti kana kwamba anatumia kompyuta, na picha ilikuwa na ukungu. Sababu yake wauzaji hawaitaji, na ni vizuri kila mnunuzi aijue. Kampuni kama Netflix hulinda filamu zao kwa mfumo wa Google uitwao Widevine, ambao una madaraja. Kifaa chenye daraja la L1, kilichopimwa na kukubaliwa na Netflix yenyewe, hupewa picha ya HD na kuendelea. Kifaa cha L3 hupewa picha hafifu, kwa kawaida ya mistari 480, hata kama unalipia kifurushi cha juu kabisa na intaneti yako ni ya kasi. Maboksi haya mengi ni ya L3. Nembo ya Netflix iliyochapishwa kwenye kasha haithibitishi chochote, maana kuchapisha nembo hakuhitaji ruhusa ya mtu aliyekwisha kuamua kudanganya.

Hayo yote ni hasara ya fedha, na mtu anaweza kuyasamehe. Linalonitia hofu ni lile lisiloonekana kwenye kioo.

Mnamo Januari 2023 mtaalamu wa mifumo ya kompyuta nchini Kanada, Daniel Milisic, alieleza hadharani kwamba boksi la T95 alilolinunua kupitia Amazon lilikuja na programu haribifu ndani ya mfumo wake tangu lilipotoka kwenye kasha, likiwasiliana na mitambo ya mbali bila yeye kuliagiza. Boksi hilo lilikuwa na prosesa ile ile ya H616 na Android 10. Oktoba mwaka huo kampuni ya usalama ya HUMAN Security ilitoa uchunguzi wake kuhusu mtandao wa vifaa vilivyoambukizwa ilioupa jina la BADBOX, ikieleza jinsi vifaa vya Android vya bei rahisi vilivyokuwa vikiwekewa mlango wa siri kabla ya kumfikia mnunuzi. Septemba 2024 kampuni ya Doctor Web ikatangaza programu nyingine haribifu, Vo1d, iliyokutwa katika maboksi ya runinga yanayokaribia milioni 1.3 kwenye nchi 197. Desemba 2024 ofisi ya serikali ya Ujerumani ya usalama wa mitandao, BSI, ilikata mawasiliano ya vifaa kama 30,000 vyenye BADBOX nchini humo. Juni 2025 FBI ya Marekani ikawaonya wananchi kuhusu toleo la pili, BADBOX 2.0, na Julai mwaka huo Google ikafungua kesi mjini New York dhidi ya wanaouendesha mtandao huo, ikisema umeingia katika vifaa zaidi ya milioni 10. Nayataja haya kwa tarehe kwa sababu wauzaji husema kuwa hizi ni hofu za watu wanaotaka tununue vitu ghali.

Kazi ya programu hizo ni ya aina kadhaa, na mbili zinatugusa moja kwa moja. Ya kwanza ni kufungua matangazo na kurasa kwa siri, ili matapeli walipwe kana kwamba kuna mtu aliyekuwa akizitazama. Ya pili ni kuikodisha intaneti ya nyumbani kwako kwa watu usiowajua: mtu aliye mbali hupita ndani ya boksi lako kwenda kujaribu nywila za watu, kufungua akaunti za uongo au kufanya wizi, na anwani inayoonekana kule anakokwenda ni ya nyumbani kwako, si yake. Siku uchunguzi ukifanyika, wa kwanza kuulizwa ni wewe uliyesajili laini.

Kwetu sisi tunaonunua intaneti kwa GB, dalili yake huonekana kwenye bando. Mwalimu alikuwa akilalamika kwamba kifurushi cha mwezi hakifiki tarehe 20, na akawa anawagombeza wajukuu. Tulipofungua ukurasa wa ruta, tulikuta boksi linatuma data usiku wa manane wakati runinga imezimwa na nyumba nzima imelala. Ieleweke kwamba kuzima runinga hakuzimi boksi. Maadamu limechomekwa ukutani linaendelea kufanya kazi. Kifaa cha kutazamia video hupokea data nyingi na kutuma kidogo sana, kwa hiyo ukiona kinatuma kwa wingi, na hasa saa ambazo hakuna anayetazama, kiondoe kwenye umeme siku hiyo hiyo.

Sasa, namna ya kujikinga kabla ya kununua. Mwambie muuzaji awashe boksi mbele yako na uliunganishe na intaneti ya simu yako mwenyewe, kwani intaneti ya dukani huwa ya kasi na hata kifaa kibovu huonekana kizuri kikiwa juu yake. Tazama mwonekano wa mwanzo: boksi halali lenye Android TV au Google TV lina ukurasa uliopangwa kwa ajili ya runinga na duka la Play lililotengenezwa kwa rimoti, wakati boksi bandia lina ile Android ya simu na kishikwambi iliyonyooshwa ikajaza kioo. Duka la Play likifunguka kama la kwenye simu, hiyo ni dalili mbaya tayari. Endelea kwa kubonyeza picha ya akaunti, kisha Mipangilio, kisha Kuhusu, usome sehemu ya Play Protect, ambayo ni ulinzi wa Google, inasema kifaa kimeidhinishwa au hakijaidhinishwa. Kwa kazi hii tumia akaunti mpya usiyoihitaji, kamwe usiingize ile yenye picha na mawasiliano yako. Halafu weka CPU-Z na ulinganishe namba zake na zile za kwenye kasha. Muuzaji akikuelekeza kuzima Play Protect ili programu yake ya chaneli iingie, au kupakua programu kutoka duka jingine lisilojulikana, usibishane naye. Hayo mawili yamo katika dalili ambazo FBI ilizitaja kwenye onyo lake. Wenzetu wa Nairobi mnaonunua Luthuli mnaweza kutumia vipimo hivi hivi bila kubadili kitu.

Ahadi ya chaneli za kulipia bila malipo haihitaji hata kipimo. Haki za kuonyesha ligi kubwa hununuliwa kwa fedha nyingi na huduma zinazotutoza kila mwezi, na anayekupa chaneli hizo kwa bei ya boksi anazichukua kwa wizi kutoka kwenye mitambo inayoweza kufungwa leo au kesho. Neno “maisha” kwenye tangazo lake ni maisha ya mtambo huo, na yeye mwenyewe hayajui yataisha lini.

Mnaoniuliza mnunue nini, kwanza hakikisheni kama mnahitaji kununua. Runinga nyingi za smart za miaka ya karibuni zina YouTube na Netflix ndani yake, na watu huongezewa boksi na muuzaji bila sababu. Mwenye kompyuta mpakato na kebo ya HDMI naye anaweza kutazama bila kifaa kingine. Kama kifaa kinahitajika, tafuta cha kampuni yenye jina na yenye idhini ya Google: Xiaomi ina fimbo na maboksi yanayotumia Android TV na Google TV, na Google yenyewe ina Google TV Streamer iliyotoka 2024 baada ya kuacha kutengeneza Chromecast. Tovuti ya Android TV ina orodha ya watengenezaji walioidhinishwa, na kuisoma ni kazi ya dakika chache. Fire TV Stick ya Amazon na Apple TV hutumia mifumo yao wenyewe na ni vifaa halali pia. Ndugu mlio Marekani mnaotaka kuwatumia wazazi zawadi, fikirini kabla ya kuchagua Roku, kwa sababu huduma yake imepangwa kwa nchi chache na ya kwetu haimo. Mzee atapokea kifaa kizuri kisichomfaa. Na tahadhari ile ile ya kukagua ibaki hata kwa jina kubwa, kwani Xiaomi bandia nazo zipo sokoni.

Kwa aliyekwisha kununua boksi la aina hii, kulirudisha katika hali ya kiwandani hakusaidii, maana uovu umewekwa ndani ya mfumo wenyewe na utarudi pamoja nao. Lichomoe. Ingia kwenye akaunti yako ya Google kwa kutumia simu, ondoa boksi hilo katika orodha ya vifaa, badilisha nywila ya akaunti na ya kila huduma uliyoifungua humo, kisha badilisha nywila ya Wi-Fi na ile ya kuingilia kwenye ruta. Kama muuzaji ndiye aliyekufungulia akaunti, kagua pia namba ya simu na barua pepe ya kurejesha akaunti, usije ukakuta aliacha za kwake. Mwalimu alikutwa na barua pepe asiyoijua hapo, tukaifuta.

Tunza mazungumzo yako na muuzaji, ujumbe wa muamala na picha za kasha pande zote, maana malalamiko yasiyo na vielelezo hayafiki mbali. Kwa Tanzania, bidhaa iliyoandikwa sifa za uongo ni suala la Tume ya Ushindani, na namba za simu za matapeli huripotiwa kupitia 15040. Kwa Kenya, aliyetuma fedha kwa M-Pesa na kugundua mapema kwamba ametapeliwa apeleke ujumbe wa muamala kwenda 456 mara moja kuomba urejeshwe, kabla mpokeaji hajazitoa. Wenye picha za makasha ya maboksi kama haya ziwekeni hapa chini pamoja na jina lililochapishwa juu yake na kile CPU-Z ilichoonyesha, lakini fichani namba za simu na majina ya watu.