TAHADHARI: Wanaochukua magari makuukuu kwa jina la hisani

Ndugu zangu mlioko Marekani, kama una gari kuukuu unataka kulitoa sadaka, usimpe mtu ufunguo kabla hujasoma haya.

Nilikuta tangazo: toa gari lako, tunalifuata mpaka nyumbani, litasaidia watoto wagonjwa, nawe utapata punguzo la kodi kwa thamani yote ya gari. Nikapiga simu. Kesho yake wakaja na gari la kuvuta magari mengine. Dereva akaniambia nitie sahihi tu kwenye hati ya umiliki, sehemu ya jina la anayepokea niiache wazi, watajaza ofisini. Nikaiacha wazi. Hata pleti za namba sikung'oa. Miezi miwili baadaye bili za tozo za barabara zikaanza kumiminika kwa jina langu, kwa sababu kwenye kumbukumbu za jimbo gari lilikuwa bado langu!

Ndipo nikalitafuta shirika lao kwenye tovuti ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ile sehemu ya kukagua mashirika ya hisani. Halimo. Jina lao wameliiga kwa shirika linalojulikana, wakaongeza neno moja.

Ile ahadi ya "thamani yote" ilitosha kunishtua, laiti ningejua. Tangu 2005, gari likiuzwa kwa zaidi ya dola 500 na shirika halikulitumia wala kulifanyia matengenezo makubwa, unachoruhusiwa kudai ni bei lililouzwa. Wewe unalithamini dola 4,000, mnadani linauzwa 700: dai lako ni 700. Nazo zinapunguza kipato kinachotozwa kodi, si kodi yenyewe. Kwa anayetozwa 12%, nafuu haizidi dola 84. Na anayechukua punguzo la kawaida, yaani kiasi kilichopangwa bila kuorodhesha sadaka zake, kama tulivyo wengi, hapati chochote.

Shirika la kweli hukupa Fomu 1098-C, ile ya IRS ya kuthibitisha sadaka ya gari, ndani ya siku 30 tangu gari liuzwe. Mimi nilipewa kikaratasi cha asante kisicho na namba ya shirika wala ya gari.

Andika mwenyewe jina la shirika kwenye hati, ipige picha, na siku hiyohiyo ijulishe idara ya magari ya jimbo lako kwamba gari si lako tena. Kama hawa watu wameshakuchukulia gari, usingoje bili ya kwanza. Wapigie idara leo, kisha umwandikie mwanasheria mkuu wa jimbo, mimi nimeshamwandikia.