Mashine ya kufyekea ya petroli, cc 52: nguvu ipo, kazi iko kwenye kinga, mkanda na nati

Nguvu ya mashine hii haina ubishi. Magugu yanayofika kiunoni inayalaza bila kulemewa, na vichaka vyembamba havina ubavu mbele yake. Naipa nyota 4 kwa sababu ya vitu vilivyomo kwenye boksi: mkanda mwembamba, kinga ya plastiki nyepesi inayokaa juu ya kisu, na kitabu cha maelekezo kinachopita mbio kwenye mambo yanayoweza kukugharimu jicho au mguu.

Nianze na kinga, maana ndiyo watu huivua kwanza. Sababu huwa majani mabichi yanayojisokota chini yake, au tamaa ya uzi mrefu zaidi (uzi wa nailoni unaofungwa mahali pa kisu). Usiivue hata siku moja. Kisu kinazunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kijiwe kikikigusa hurushwa kama kimetoka kwenye kombeo, mara nyingi kuelekea miguuni kwako mwenyewe. Kinga ina pia kiwembe kidogo kinachokata uzi kwa urefu unaofaa. Kiwembe kisipokuwepo uzi hurefuka, injini inalemewa, klachi inateleza na kuungua. Majani yakijisokota, zima injini, subiri kisu kisimame kabisa (huendelea kuzunguka hata baada ya kuachia kitufe cha mafuta), kisha uyatoe kwa kijiti.

Hata kinga ikiwepo, watu na mifugo wakae mita 15 kutoka ulipo. Na waambie mapema: mtu asikufuate kwa nyuma na kukugusa bega, kwa sababu ukigeuka unageuka na kisu. Aje kwa mbele ambako utamwona, nawe uzime. Machoni vaa miwani ya kinga chini ya ngao ya wavu. Wavu peke yake unapitisha mchanga na vipande vidogo. Masikio yazibwe, kelele inapita desibeli 90. Suruali nzito na buti, kaptura na kandambili hapana.

Mkanda uliokuja nayo niliubadilisha kwa ule wa mabega mawili, na ndiyo nyongeza ninayoipendekeza kabla ya nyingine yoyote. Urekebishe hadi mashine ikining'inia yenyewe, kichwa kielee karibu na ardhi bila wewe kukibeba kwa mikono. Jaribu pia kile kifungo cha kuachia haraka injini ikiwa imezimwa. Moto ukitokea, au nyigu wakikuvamia, hutakuwa na muda wa kukitafuta.

Sasa nati ya kisu. Ina nyuzi za kushoto: inakazwa kinyume na mshale wa saa, inafunguliwa kwa kufuata mshale wa saa. Asiyejua hili huivuta kwa nguvu zote upande usio wake, akadhani imeganda, mpaka inakatika. Ingiza pini kwenye tundu la giriboksi (kisanduku cha gia juu ya kisu) ili mhimili usizunguke, halafu hakikisha tundu la katikati ya kisu limekaa sawasawa juu ya duara lililoinuka la sahani ya juu. Kisipokaa hapo kitayumba, mashine itatetemeka, na nati italegea yenyewe. Nati ya kujikaza ikianza kuzunguka kwa vidole tu, imekwisha, weka mpya. Kisu chenye ufa hutupwa. Hakichomelewi.

Ukiangalia kutoka juu, kisu kinazunguka kinyume na mshale wa saa, kwa hiyo fyeka ukitoka kulia kwenda kushoto. Hatari kubwa ipo kwenye robo ya mbele upande wa kulia. Sehemu hiyo ikigonga kisiki au jiwe, mashine inasukumwa ghafla kulia na kurudi kwako. Shina gumu liguse kwa upande wa kushoto wa kisu, injini ikiwa imeshapanda mizunguko.

Kisu cha meno matatu ni cha nyasi ndefu na vichaka laini. Kando ya ukuta, mawe au uzio, funga uzi wa nailoni wa milimita 2.4 hadi 3, kulingana na kichwa. Usiweke waya wala mnyororo mahali pa uzi: pete moja ya mnyororo ikikatika inaruka kama risasi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vichwa vya minyororo vya mashine hizi mwaka 2012. Udhaifu wa kichwa cha uzi cha mashine hii ni joto. Ukikigonga chini mno na kukilazimisha, uzi unayeyuka na kushikana ndani ya bobini. Uzi uliokauka nao hukatika ovyo, uloweke kwenye maji kabla ya kuuzungusha.

Mafuta. Injini ni ya mapigo mawili, haina sehemu yake ya oili, kwa hiyo petroli tupu itaisaga pistoni kwa muda mfupi. Kitabu cha hii kinataka 25:1, yaani mililita 40 za oili ya mapigo mawili kwa kila lita ya petroli. Mashine zinazotaka 50:1 huchukua mililita 20. Oili ya gari haifai. Changanya kwenye galoni, usichanganyie ndani ya tangi, na usihifadhi mchanganyiko zaidi ya mwezi. Jaza injini ikiwa imepoa, kisha sogea mita 3 kabla ya kuwasha.

Kuwasha: ilaze, kisu kisiguse kitu, bonyeza kipira cha mafuta hadi kijae, funga choki, vuta. Ikikohoa fungua choki, vuta tena. Ukiendelea kuvuta choki ikiwa imefungwa, plagi italowa. Itoe, ikaushe, vuta kamba mara kadhaa kabla ya kuirudisha. Nafasi ya plagi ni milimita 0.6 hadi 0.7.

Ikishawaka, achia mafuta na utazame kisu. Lazima kisimame. Kikiendelea kuzunguka, punguza skrubu ya mizunguko ya chini kwenye kabureta. Kikiendelea bado, springi ya klachi imechoka au imekatika, na mashine hiyo isiingie shambani mpaka itengenezwe.

Kichujio cha hewa cha sponji kioshe kwa maji ya sabuni na kikauke kabisa. Giriboksi ya chini ipewe grisi kila baada ya saa 25 hivi za kazi, lakini usiijaze pomoni, grisi ikizidi inapasha joto na kusukuma sili (mpira unaozuia grisi isivuje). Ukiiweka muda mrefu, mwaga mafuta yote ya tangini kisha iache iungurume hadi izime yenyewe, la sivyo mabaki yataziba kabureta.

Anayefyeka ua mdogo wenye madirisha na magari karibu asinunue hii. Ya cc 26 yenye uzi inamtosha, ni nyepesi na haitetemeshi mikono kiasi hiki.