Kulanti ipi ununue ili gari lisichemshe

Wengi huchagua kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini, kwa rangi. Kwenye rejeta kuna kijani, basi wanabeba dumu la kijani. Rangi hiyo hutiwa tu kiwandani, na kampuni mbili zinaweza kuuza nyekundu mbili zisizopatana kabisa. Geuza dumu usome nyuma: tafuta herufi IAT, OAT au HOAT, kisha namba ya kiwango iliyotajwa kwenye kitabu cha gari lako. Herufi hizo zinaeleza aina ya dawa ya kuzuia kutu, na hiyo dawa ndiyo unayoilipia. Kubeba joto peke yake, maji matupu yanaishinda kulanti. Yanachoshindwa ni kulinda aluminiamu isiliwe, na kukaa bila kuchemka joto likipanda.

1. Iliyochanganywa tayari, ya aina inayotajwa na kitabu. Kwa anayeongeza au kubadilisha mwenyewe, sioni ya kuipita. Ni nusu kulanti nusu maji safi, huna hesabu ya kupiga. Huanza kuchemka karibu nyuzi 107 badala ya 100, na mfuniko wa rejeta usio na kasoro, wa shinikizo la 1.1 bar, huisogeza hadi karibu 129. IAT ya kizamani hubadilishwa kila miaka 2 hivi, OAT nyingi hufika 5, kwa hiyo kabla ya kulalamikia bei igawe kwa miaka.

2. Nzito, ya kuchanganya mwenyewe. Hii inapanda nafasi ya kwanza siku moja tu: siku ya kusafisha mfumo wote. Ukishasukutua kwa maji, mengine hubaki ndani ya bloku hata ukifungua kila mahali. Ukimimina iliyochanganywa tayari, yatazidi kuizimua. Ukiwa na nzito, unaweka kwanza nusu ya ujazo wote wa mfumo, halafu unajazia maji. Maji yawe yasiyo na madini, kama yale ya kuongezea betri, ila soma lebo vizuri usije ukapewa yale makali yenye asidi. Ya bomba huacha magadi ndani ya vijia vya rejeta. Na usiitumie nzito bila maji ukidhani ndiyo kinga zaidi. Hubeba joto vibaya.

3. Ya "magari yote". Si mbaya kwa kuongezea kidogo. Kujazia mfumo mzima, hapana, labda iwe imeandikwa kiwango cha gari lako.

4. Maji matupu. Ya dharura, ufike kwa fundi. Baada ya hapo yamwagwe.

5. Maji ya rangi. Dumu la bei poa, lebo haitaji glaikoli (kiini cha kulanti halisi) wala kiwango chochote. Nimeyaweka chini ya maji matupu kwa makusudi: ni maji yaleyale, ila haya yanakupa imani kwamba umelindwa.

Kabla ya kununua lolote, chungulia tangi la akiba injini ikiwa imepoa. Maji ya kahawia ni kutu, safisha kwanza. Yakiwa kama chai ya maziwa, huenda oili imeingia, na hapo shida inaweza kuwa gasketi ya silinda hedi. Kulanti haitaitibu.

Pesa ikibaki, nunua mfuniko wa rejeta wenye namba ileile ya bar, hasa kama mpira wake umepasuka au umekakamaa. Ni kitu kidogo, lakini ukivuja shinikizo, zile nyuzi 129 huzipati. Themostati (vali inayoongoza joto la injini) mpya nayo ina thamani kuliko ushauri wa fundi anayetaka kuitoa "gari lipoe". Dawa za kuziba matundu ziache. Hazichagui tundu la kuziba.

Mfuniko usifunguliwe injini ikiwa moto. Kulanti iliyotolewa ikusanywe kwenye beseni na kufunikwa mara moja: ethilini glaikoli, iliyo kwenye kulanti nyingi, ni tamu, mbwa na watoto huinywa, na ni sumu inayoua.