Fundi mizani wa Kariakoo: nane yangu ilikuwa inasomeka sita

Nauza samaki Mbagala, na mizani yangu ni ile ya dijitali yenye madirisha matatu: uzito, bei, jumla. Wiki mbili nzima niliona sifuri moja ina pengo pale juu. Nikapuuza. Sifuri naijua, hata iwe na pengo.

Siku ya siku akaja mzee mmoja, mteja wangu wa muda mrefu, kutaka nguru. Uzito ukasoma 1.650, bei 16,000, jumla 29,600. Mzee akatoa simu, akapiga hesabu zake taratibu, akapata 26,400. "Mwanangu, hii elfu tatu na mia mbili ni ya nani?" Watu wamesimama foleni, wote kimya. Nikapokea 26,400 huku uso umenishuka.

Fundi wa kwanza, wa huku huku mtaani, hata hakuiwasha. "Bodi imekufa, mama. Lete elfu sabini." Nikamwambia nitarudi. Sijarudi.

Huyu wa Kariakoo ana kibanda kidogo kimejaa mizani zilizopasuliwa matumbo. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuiwasha na kuniambia nitazame. Mizani ikiwaka huanza kwa kupitisha tarakimu zote, tisa hadi sifuri, madirisha yote kwa pamoja. Miaka mitatu ninayo na sijawahi kuitazama ikifanya hivyo! Tisa zikajipanga, ila moja, ile iliyofuata nukta kwenye uzito, ikasema tano. Zilipokuja nane, yenyewe ikasema sita.

Akanichorea kwenye boksi: kila tarakimu ina vijiti saba vya taa. Changu cha juu kulia kimekufa. Kitoe kwenye nane, inabaki sita. Kitoe kwenye tisa, inabaki tano. Kumbe nguru wa yule mzee alikuwa 1.850, na jumla ilikuwa sahihi kabisa. Mizani ilijua, mdomo ndio ulikuwa unakosea. Na laiti kijiti hicho kingezimika kwenye tarakimu zote za dirisha, alisema, angetafuta risasi ya kuchomelea iliyoachia au njia iliyokatika kwenye bodi, kwa sababu tarakimu hushirikiana njia. Ikiwa moja tu, taa yenyewe. Akagusa kwa mita ya kupimia umeme: vijiti vingine vikawaka, kile kikanuna. Akang'oa disple ya mizani mfu, akachomea kwangu. Elfu kumi na nane, pamoja na kusafisha kutu ya maji ya samaki kwa spiriti.

Sasa lawama. "Nusu saa" yake ilikuwa saa tatu kasoro, maana katikati alikwenda kunywa chai na kuniachia kibanda nikilinde. Risiti hana. Na alikata lakiri, ule muhuri wa kuzuia mizani isifunguliwe, bila kunikumbusha kwamba mizani ya biashara ikishafunguliwa lazima irudi Wakala wa Vipimo ihakikiwe upya. Hilo nililisikia kwa jirani wa meza ya dagaa, nikaipeleka kabla sijapimia mtu.

Kwa kazi ya mikono nampa tisa kwa kumi, tisa yenye vijiti vyote. Mzee nilimwonyesha mchoro wa kwenye boksi. Akacheka, akatoa elfu tatu na mia mbili zake. Tatizo lililobaki ni kwamba tarakimu alizobandika zinawaka kuliko wenzake, na wateja kila siku wananiuliza kwa nini.