Fimbo namba 5 kwenye mabwawa ya Dallas: uzoefu wangu wa misimu mitatu

Seti hii ya kuvulia samaki kwa inzi bandia niliinunua mwezi wa Machi, miaka mitatu iliyopita, kwa dola 130 na kodi ndani yake. Mfukoni mlikuwa na fimbo ya futi 9 ya kuunganisha vipande vinne, rili ya alumini, mshipi mnene unaoelea, nailoni ya mbele, na kiboksi cha inzi bandia kumi na wawili. Kampuni sitaitaja, maana nina malalamiko juu ya kitu kimoja, na seti za bei hii hufanana sana hata zikitoka viwanda tofauti. Nitakayoyasema yatakufaa yoyote utakayoikuta dukani.

Mimi ni mtoto wa Naivasha. Besi, yule wa mdomo mpana, nilimjua tangu utotoni bila kujua kwamba kwao ni Marekani. Aliletwa ziwani kwetu mwaka 1929 ili watu wapate samaki wa kuvua kwa starehe, lakini sisi tulimfahamu kama samaki wa nyavu. Tulimkuta pale Kamere, ufuko wa wavuvi ziwani, amelala kwenye karai katikati ya tilapia, mdomo wazi, mgongo wa kijani iliyoiva, mstari mweusi umepita ubavuni toka shavuni hadi mkiani. Tulijua ladha yake na bei yake. Jinsi anavyowinda hatukuwahi kuiona.

Nilipohamia Dallas nikamwona mzee mmoja akimtoa besi yule yule kwenye bwawa la bustani, hatua chache kutoka tunapoishi. Chambo chake kilikuwa kipande cha koki kilichofungwa manyoya. Alimlowesha samaki, akamshika mdomo wa chini kwa kidole gumba, akamtazama, kisha akamwachia. Niliporudi nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba nimemwona mtu wa kwetu.

Sasa niseme fimbo yenyewe inafanya nini, kwa kuwa wengi huinunua wakidhani ni fimbo ya kawaida iliyorefushwa. Ukivua kwa fimbo ya kawaida, uzito uko kwenye chambo: risasi au plastiki huruka na kuuvuta mshipi nyuma yake. Inzi bandia hana uzito, ni manyoya na uzi tu kwenye ndoana. Hapa kinachorushwa ni mshipi, na inzi hufuata. Ndiyo maana mshipi huu ni mnene, na namba iliyoandikwa kwenye fimbo ni ya uzito wa mshipi unaoifaa. Futi 30 za mwanzo za mshipi namba 5 zina gramu 9 hivi. Za namba 8 zina gramu 13 na nusu. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyonigharimu msimu mzima, kama nitakavyoeleza.

Kurusha nilijifunza kwenye nyasi, bila maji na bila ndoana, nusu saa kila jioni kwa wiki mbili. Kosa langu lilikuwa haraka. Mshipi unapokwenda nyuma sharti uusubiri unyooke wote ndipo uulete mbele. Ukiuwahi unalia kama kiboko cha mchunga ng'ombe, na inzi hukatika. Fimbo hii si ngumu. Hujipinda hadi karibu na mpini, kwa hiyo inamsubiri anayejifunza na kumsamehe. Kwa hilo naisifu kwa moyo wote.

Mshipi uliokuja na seti ndio uliobeba lawama zangu zote. Ulitoka kwenye rili ukiwa na mikunjo kama springi na haukunyooka hata nilipouvuta kwa nguvu. Kufikia Juni ngozi yake ya nje ilipasuka, ncha ikaanza kuzama. Mshipi wa kuelea ukizama ncha, popa wako, yule chambo wa kuelea, anavutwa chini badala ya kubaki juu. Niliwaandikia watengenezaji, wakanijibu kwamba mshipi haumo kwenye dhamana. Nikanunua mwingine kwa dola 60, namba 5, mzito mbele na mwembamba nyuma, na siku hiyo hiyo fimbo ikawa fimbo nyingine. Mwenye dola 200 nitamwambia atafute fimbo ya bei nafuu na mshipi mzuri, asigeuze.

Samaki walionifundisha hawakuwa besi. Walikuwa blugili. Wamarekani wana kundi la samaki wadogo wanaowaita samaki wa kikaangio, kwa sababu mmoja huingia kwenye kikaangio mzima mzima, na blugili ndiye anayejaa kwenye mabwawa ya huku. Ni bapa kama kiganja, ana miiba mgongoni, na nyuma ya shavu ana kijisikio cheusi. Mtu wa ziwani kwetu akimwona kwa mbali ataapa ni tilapia. Si tilapia. Ukoo wake ni mmoja na besi, ingawa besi humla bila kujali undugu. Ndugu wa kweli wa tilapia nilimkuta kusini, karibu na Austin: samaki wa mto Rio Grande mwenye vidoadoa vyeupe vya kung'aa, ambaye ndiye pekee wa ukoo wa tilapia aliye mwenyeji wa asili wa Marekani. Nilipomshika nilimtambua kwa mkono kabla ya macho, ile miiba na ule utelezi.

Kuanzia mwishoni mwa Aprili, maji yakishapata joto, blugili huingia kwenye kina kifupi kutaga. Utaona vishimo vya duara vimepangana chini ya maji kama nyayo za kiboko kwenye tope, na juu ya kila kimoja dume amesimama akipepea mkia, kifua cha rangi ya machungwa iliyoiva. Hapo fimbo namba 5 iko kwao kabisa. Mdomo wa blugili ni mdogo, kwa hiyo ndoana iwe namba 10 au 12 (kwenye ndoana, namba ikipanda ndoana inakuwa ndogo). Mimi hutumia buibui wa sponji mwenye miguu ya mpira. Namrusha, nasubiri viduara vya maji vitulie vyote, kisha natikisa ncha kidogo tu, miguu ile icheze. Nikimvuta mfululizo, hawaji. Nikimwacha hadi nihisi kuchoka, wanakuja na sauti ya busu. Blugili hakimbii moja kwa moja, hugeuza ubavu na kuzunguka, na fimbo laini hukuletea kila mzunguko hadi kiwikoni. Samaki wa robo kilo kwenye fimbo hii ni kazi ya kweli.

Binti yangu, wakati huo ana miaka tisa, alimpata wake wa kwanza hivyo. "Baba, kananivuta!" Nikamwambia, "Usikavute kwa nguvu mama, kaache kachoke." Alikapungia mkono kakiondoka.

Inzi waliokuja kwenye kiboksi walikuwa wa aina mchanganyiko. Saba walifaa na watano walifumuka baada ya samaki wa pili au wa tatu. Aliyenipa samaki wengi kuliko wote ni yule mweusi mwenye mkia wa manyoya laini anayeitwa Woolly Bugger. Aliyemfunga kwanza ni Russell Blessing wa Pennsylvania mwaka 1967, na jina alilitoa bintiye mdogo. Hafanani na mdudu yeyote hasa. Anafanana na kitu kinachoogelea na kuliwa, mara ruba, mara kiluwiluwi, mara kisamaki, na samaki wa kila aina humchukua. Nunua wawili weusi na wawili wa kijani cha zeituni, wa ndoana namba 8, na usiruhusu muuzaji akuongezee.

Nikija kwa besi, hapa ndipo fimbo yangu ilipofika mwisho wake. Besi mkubwa anataka kitu kikubwa: popa wa ndoana namba 2, au chura wa manyoya ya paa aliyekatwa akawa duara. Vitu hivi havina uzito lakini vinashika upepo, na gramu 9 za mshipi haziwezi kuvisukuma. Nilijaribu msimu mzima. Popa alidondoka katikati ya njia, nailoni ikajifunga mafundo, na siku ya upepo wa Texas ndoana ilinipita karibu na sikio mara mbili. Vaa miwani na kofia, hili nasisitiza. Jambo la pili ni magugu. Besi akinaswa hukimbilia kwenye majani ya majini, na fimbo laini haina nguvu ya kumgeuza. Niliwapoteza wawili wazuri namna hiyo, mmoja alikuwa mrefu kama mkono wangu toka kiwikoni. Mwaka wa pili rafiki aliniazima fimbo namba 8, na mambo yakanyooka asubuhi moja. Kwa hiyo ukinunua namba 5 kwa ajili ya besi tu, umekosea. Ukiinunua kwa blugili, na besi wa kilo moja kushuka chini wakija kama nyongeza, umepata.

Namna ya kumnasa besi pia ni tofauti. Yeye hachukui chambo kwa kuuma, hufungua ule mdomo na kuyanyonya maji na kila kilichomo. Ukiinua fimbo juu kwa mshtuko unamnyang'anya chambo. Elekeza ncha kwenye maji, vuta mshipi kwa mkono wa kushoto hadi uhisi uzito wake, ndipo uinue. Hili lilinichukua muda, kwa kuwa popa anapolipuliwa juu ya maji alfajiri moyo hauna subira.

Bwawani nilikutana na mzee mmoja wa Uvira, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, anayeishi Fort Worth. Alikaa kando akinitazama nikifunga Clouser, yule inzi mwenye macho ya chuma anayezama kichwa kwanza, aliyebuniwa na Bob Clouser kwa ajili ya besi wa mto Susquehanna. Akaniambia, "Papa, hii si kitu mupya. Kwetu tulikuwa tunafunga manyoya ya kuku ku ndoano, usiku, tunavua mikebuka." Nilimwomba anionyeshe alivyofunga. Alitumia uzi mwekundu na unyoya mmoja mweupe wa bata uliokuwa pale ufukweni, na vidole vyake vilifanya kwa dakika mbili kazi ninayoifanya kwa kumi. Inzi huyo ninaye hadi leo na ameshanipa besi wanne. Tangu siku hiyo sipendi kusikia mtu wetu akisema uvuvi wa inzi ni mchezo wa wageni.

Siku ambazo upepo umekataa kabisa, naiacha fimbo ya inzi nyumbani na kuchukua ya kawaida na mnyoo laini wa plastiki wa aina ya Senko. Una chumvi ndani, kwa hiyo ni mzito na hauhitaji risasi. Unachomwa ndoana katikati, unarushwa kando ya magugu, na unaachwa ushuke wenyewe ukitetemeka ncha zote mbili. Besi wengi huuchukua ukiwa bado unashuka, na dalili pekee ni mshipi kusogea kando. Kwa mtoto au kwa mgeni ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Kasoro yake ni kwamba plastiki huchanika, na vipande visiachwe majini hata kimoja. Mimi huvitia kwenye chupa.

Kwa wanaoishi Texas: leseni ya maji baridi ni lazima kuanzia miaka 17, ila ukivua ukingoni ndani ya hifadhi ya jimbo huhitaji leseni. Besi wa mdomo mpana kwenye maji mengi lazima afike inchi 14 ndipo umchukue, na kwa siku ni watano. Baadhi ya maziwa yana masharti yake, soma ubao kabla ya kutupa mshipi. Julai na Agosti, joto likipita nyuzi 38, vua alfajiri na kufikia saa tatu uwe umemaliza. Kijino cha ndoana kibonyeze kwa koleo, samaki atatoka bila jeraha na wewe pia ukijichoma utashukuru.

Besi wote nawarudisha. Blugili nachukua sita au saba kwa mwezi, na wale madume wanaolinda mayai siwagusi. Watu wa huku huwavingirisha kwenye unga wa mahindi wa njano kabla ya kuwakaanga, nasi tunatumia unga ule ule wa ugali, chumvi, pilipili manga na ndimu. Mke wangu huwapasua mbavuni mistari mitatu kama tilapia wa Naivasha, na hula hadi mapezi, yaliyokauka kwa mafuta yakawa kama krisps.

Fimbo imeshatimiza misimu mitatu. Koki ya mpini imeliwa kidogo, pete moja nimeifunga upya kwa uzi, na rili inahitaji tone la mafuta kila mwezi. Naipa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano nimeinyima kwa sababu ya mshipi. Mwezi ujao nanunua namba 8 yangu mwenyewe, na hii namba 5 inakwenda kwa binti, ambaye ameshaandika jina lake kwenye mfuko kwa kalamu ya wino.